Ndege Weusi wa Bonde la Mama

Wadi Kabir, Muscat
12 Julai 2024

Mpendwa kaka Leodegar,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepunguza kukusumbua na wifi naye haumwi tena miguu. Mimi ni mzima, joto tu linatutesa. Huku hata bomba la maji baridi linatoa maji ya moto.

Barua hii anakuletea Nyamizi, aliyekuwa akifanya kazi nyumba ya jirani. Nimeandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu kila nikianza unanikatiza.

Picha ya bonde nimeiona. Majivu matupu, na miche ya mikaratusi imepangwa mstari, nawe umesimama katikati unacheka. Bonde lile mama aliniachia mimi, kaka, na alitamka mbele yako. Unajua nilipanga nikimaliza mkataba nirudi kukata mafunjo na kusuka mikeka kama yeye. Hukuniuliza hata kwa neno moja.

Eti ulisubiri ndege weusi wahame kwanza. Hawahami, kaka. Umekulia pale na hukuwahi kuwatazama. Dume huwa mweusi mwenye bega jekundu msimu wa mvua tu, anapojitutumua juu ya matete kuwaita majike wake wanne au watano. Mvua zikipungua, weusi unamtoka, anabaki kahawia kama jike, nawe ukadhani ni shomoro. Majike wa mwisho huwa bado wanalisha makinda kwenye viota vya chini, karibu na maji. Ndiyo maana mama hakukata shina hata moja kabla ya kupapasa kila kichaka kwa mkono wake. Wewe ulipapasa kiberiti. Wifi ameniambia mliokota makinda yameungua.

Ijumaa iliyopita nilimpeleka Bibi Jawaher, mama yake bosi wangu, kwenye mabwawa yenye matete nyuma ya mtaa wa Ghala, hapa Muscat. Yeye ni mzaliwa wa Unguja. Tulienda mapema, jua halijawa kali. Tulipomwona ndege mweusi mwenye paji jekundu akiogelea, nikamsimulia wale wa kwetu na bonde la mama. Akanishika mkono.

"Wewe unako kwenu, mwanangu," akasema. "Mie nna jina la mtaa tu, nyumba hatuna tena. Rudi kabla hujazeeka."

Picha yako ilikuwa tayari kwenye simu. Nilisukuma kiti chake cha magurudumu huku nalia, na nakuambia ili ujue.

Nisalimie wifi Kokushubila na watoto wote. Shangazi Paskazia mwambie visu vya mama vya kukatia mafunjo awagawie majirani wenye mabonde. Mkataba wangu ulikuwa uishe mwezi wa tisa. Jana nimeongeza miaka miwili, kwa hiyo msinitayarishie chumba.

Mungu awalinde nyote, na wewe pia.

Mdogo wako akupendaye, na hilo ndilo linaloniuma,
Dativa