Wakubebe Kabla ya Mechi

Richfield, Minnesota
Novemba 1996

Kaka Momanyi,

Huku theluji imeanza, na jezi yako kuukuu ndiyo naivaa ndani ya koti nikienda kazini. Klabu kubwa zilikuita, ukabaki na klabu yako hiyo moja mpaka sasa unastaafu raga. Hongera.

Lakini Jumapili kwenye simu ulisema, "Ngoja nimwite Mama akusalimie." Nikakusikia ukimwita. Kaka, Mama tulimzika Machi, na wewe ndiye uliyetangulia kubeba jeneza. Usiniambie ni uchovu; wodini nawauguza watu waliogongwa vichwa kama wewe.

Usicheze hiyo mechi ya kukuaga. Najua mkongwe hubebwa mabegani baada ya kipenga cha mwisho. Waambie wakubebe kabla ya kile cha kwanza.

Shabiki wako tangu utotoni,
dada yako Kerubo