Baba, Wameandika kwa Jina Lako

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Tangu jana mwili haujanitulia, na kwa kuwa jambo lenyewe limefanywa kwa jina lako, nimeona wa kwanza kuambiwa uwe wewe, hata kama hunisikii.

Jana asubuhi nilikuwa hapa Bigwa, nimempakata Flora. Anaota meno, wiki nzima hajaniacha nikalala. Simu ikaita. Mama, kutoka kijijini kwetu Kinole. Sauti yake ilikuwa na furaha ambayo sijaisikia tangu tulipokuzika.

"Mama Flora, baba yako ameandika!"

Nilikaa sakafuni pale pale, na mtoto mkononi.

"Ameandika nini, mama?"

"Barua pepe. Jina lake hili hapa, lote, hadi la babu yako. Anasema ametuachia nyaraka. Nibonyeze hapa, niweke neno la siri la kikundi chetu cha iliki, zifunguke. Ila iwe kabla ya jioni."

Usimcheke, baba. Wewe ndiye uliyemzoesha. Unakumbuka ulivyokuwa ukiandika ujumbe kule shambani kwenye iliki, ambako mtandao haufiki, kisha unatembea nao mfukoni mpaka siku utakayopanda kwenye lile jiwe juu ya nyumba? Ujumbe wa Jumatatu ulinifikia Alhamisi. Unanitakia safari njema, mimi nimeshakwenda na kurudi. Nikikulalamikia, unasema, "Si umefika? Sasa unataka nini tena?"

Basi mama aliamini uliandika ukiwa hai, ujumbe ukakwama huko mlimani, na sasa ndiyo umeshuka. Na mimi, nikuambie ukweli, kidogo tu niliamini. Moyo ulinipasuka kwa hamu ya kujua umesema nini.

Kisha nikakumbuka siku nilipokufungulia anwani yako ya barua pepe mezani kwangu. Uling'ang'ania: "Weka na Kinole humo, wasije wakadhani natoka mjini."

"Mama, gusa jina la baba hapo juu. Nisomee kinachotokea chini yake."

Akasoma polepole, herufi moja moja. Herufi na namba zisizo na mpango, kama mtoto kakalia simu. Kinole haimo. Jina lilikuwa lako, anwani ya mtu mwingine kabisa. Nadhani walioandika walilitoa jina lako kwenye zile barua pepe za kikundi zilizokuwa zikienda kwa wanachama wote, majina yote wazi.

"Mama, hao ni wezi. Ukiweka neno la siri, wanaingia. Watawaandikia wanunuzi wakijifanya sisi, na iliki ya watu wote iishie mikononi mwao. Toa kidole hapo."

"Mbona unanifokea?"

"Sikufokei, mama. Toa kidole."

"Na kama ni yeye?"

Baba, sikuwa na namna.

"Mama, baba tulimzika."

Ni kama nilileta msiba wako upya, kwa mdomo wangu mwenyewe, naye yuko peke yake juu ya lile jiwe lako la mtandao.

"Kwanza hajanisalimia," akasema.

"Nani?"

"Huyo mwizi! Baba yako aniandikie bila kuuliza goti langu? Aanze tu bonyeza, bonyeza, haraka? Yule aliyekuwa anauliza kuku, anauliza jirani, anauliza mvua, halafu ndiyo anakumbuka alichotaka kusema!"

Akacheka, kisha akalia. Na mimi nikalia. Flora naye akajiunga bila kujua tunalia nini.

"Nifute?"

"Futa, mama."

"Jina lake halitafutika nalo?"

"Ujumbe tu. Jina lake liko palepale."

Akafuta. Neno la siri hakuliandika.

Lakini bado nashangaa. Mtu anayeiba ndizi namwelewa, ana njaa. Huyu aliyekaa mahali akachagua jina la marehemu, akamwandikia mjane wake, ni mtu wa namna gani? Alijua umekufa, au kwake lilikuwa jina tu kati ya majina? Sijui lipi linanitisha zaidi.

Mchana niliwapigia wanakikundi wote, mtoto mgongoni. Wawili wameupata ujumbe huohuo, hawajaufungua. Nikawaambia: anayekuharakisha na anayetaka neno la siri, hata kama ana jina la mumeo, usimjibu. Mtafute mwenyewe kwa namba unayoijua, umuulize kama ni yeye aliyeandika.

Mzee mmoja akaniuliza, "Sasa mwenye jina akiwa marehemu, binti, nimpigie nani?"

Nikamwambia anipigie mimi.

Pumzika, baba. Simu za huku nitapokea mimi.

Mwanao,
Mama Flora