Siku Nilipopeleka Kitabu cha Zubeda Korogwe

Jumamosi, jioni. Mvua za vuli zimechelewa tena Handeni, na upepo wa leo umejaza vumbi mpaka kwenye kopo la chumvi. Mgongo unauma kwa safari. Moyo sijui niuelezeje. Hauumi, ila hautulii.

Leo nimepeleka kitabu changu cha pili kwa mchapaji, Korogwe.

Cha kwanza nilikiandika Rehema, mtoto wangu mkubwa, alipoanza shule. Kilikuwa cha kuku asiyependa mvua, mashairi mafupi mafupi na picha nilizozichora mwenyewe. Watoto walikiimba njia nzima mpaka mama zao wakakishika kwa kusikia tu. Nikienda bombani, mwanamke nisiyemjua ananiuliza, "Wewe ndiye mwalimu wa kuku?" Nilikuwa najifanya kuona haya. Sikuona haya hata kidogo.

Basi nilipoanza cha pili nilizitamani sifa zile zile. Huo ndio ukweli.

Kitabu hiki ni cha Zubeda, mdogo wake Rehema. Zubeda hasikii. Ndiyo kwanza alikuwa anaanza kuunganisha maneno, akashikwa na homa ya uti wa mgongo. Mungu akatuachia mtoto, masikio yakaenda. Nyumbani tunaongea naye kwa mikono, kwa ishara tulizozibuni wenyewe. Ipo ya maji, ipo ya ugali, ya baba, ya nyoka.

Tulipohamia kijiji cha ujamaa, hatukuwa na ishara ya kuhama.

Rehema tulimweleza. Tulimwambia kuna shule karibu, kuna zahanati, kuna bomba. Zubeda aliamka tu asubuhi akamkuta baba yake yuko juu ya nyumba anabomoa paa, na trekta la kijiji linasubiri vyombo. Kila tulichotoa nje yeye alikirudisha ndani. Sufuria, mkeka, kigoda. Kinu kilimshinda, akakikumbatia. Nadhani alifikiri tumepatwa na wazimu, mimi na baba yake, kwa siku moja.

Sisemi kijiji ni kibaya. Shule naiona nikiwa mlangoni kwangu, na mtoto akiugua simbebi tena mgongoni kutwa nzima juani. Lakini kila mwenye mbuzi hapa anajua ilivyokuwa. Watu tulihama, mbuzi wakakataa. Ukifungua zizi tu, wanashika njia ya kurudi mahameni, kule kwenye viwanja tulivyoviacha. Wetu alikuwa sugu kuliko wote, na Zubeda alikuwa akimfuata.

Siku moja nilikwenda kuwatafuta. Nilimkuta mbuzi anakula majani yaliyoota palipokuwa jiko langu, na mwanangu anafagia. Ameokota kijiti chenye matawi, anafagia sakafu ya nyumba isiyo na paa, pembe kwa pembe, kama nilivyomfundisha.

Sikumwita. Hata ningemwita asingesikia. Nilisimama tu pale mpaka aliponiona.

Hapo ndipo kitabu kilipoanzia. Nikachora mbuzi anatoroka, msichana anamfuata vichakani, anamkuta mahameni, wanarudi pamoja kijijini. Chini ya kila picha nikatia shairi, tamu kuliko yale ya kuku. Ile ya kufagia sikuichora. Niliona itaharibu utamu.

Nikawasomea wote wawili mkekani. Rehema alipiga makofi. Zubeda aliitazama midomo yangu kidogo, kisha akanyanyuka akaenda zake kwa mbuzi.

Nilikasirika. Halafu nikajiuliza nimemkasirikia nani.

Wiki hii ndipo nilipochukua mkasi nikakata mashairi yote, moja baada ya jingine. Yaliniuma kama nakata nywele zangu. Picha zikabaki zimetapakaa chini, na Zubeda akaja kuziokota. Akazipanga mkekani bila kukosea hata moja. Alipofika ile ya mahameni akasita. Akanivuta mkono. Akainama, akafagia hewa, akanionyesha nafasi iliyobaki kati ya picha mbili. Nilipojifanya sielewi, akafagia tena kwa nguvu zaidi.

Nikaichora pale pale, yeye kanishika bega.

Leo asubuhi tumepanda lori la mahindi, mimi na yeye. Baba yao alikuwa zamu kwenye shamba la kijiji. Tulipofika penye mkonge Zubeda alishangaa ile mistari isiyokwisha, akawa anaichora kwa kidole kwenye mkono wangu. Nilikuwa namwitikia kwa kichwa tu. Akili yangu ilikuwa kwa Mzee Shekigenda, mwenye kiwanda kidogo cha uchapaji, ndiye aliyenichapia kitabu cha kwanza. Ni Mshambaa mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Ndugu Mwalimu. Huyu ndiye yule Rehema?"

"Rehema yuko nyumbani. Huyu ni Zubeda. Hasikii, mzee."

Alimwinamia, akampa mkono, akamwekea kiti. Kisha akafungua bahasha na kuanza kupindua picha. Alipozimaliza akaitazama bahasha ndani.

"Maneno yako wapi?"

"Hayapo, mzee. Kitabu ndicho hicho."

Alivua miwani. "Mwalimu, nchi nzima iko kwenye kisomo. Wazee wa miaka yangu wanashika penseli. Mimi nitoe kitabu kitupu? Wakubwa wakija wakiniuliza kinafundisha nini, nijibu nini?"

Nilimwonyesha Zubeda pale kitini. Nilimwambia ninaye mtoto, na watoto kama yeye wapo, hata kama wanafichwa nyuma ya nyumba wageni wakija. Akanisikiliza vizuri tu. Kisha akairudia ile picha ya kufagia, akachukua penseli, akaandika chini yake kwa mwandiko mzuri wa kizamani. *Kwaheri nyumba ya zamani. Kijiji kipya kina raha.*

"Hii moja tu," akasema. "Nyingine nitakuachia. Hii moja itatulinda wote wawili, wasije wakasema tunapinga watu kuhama."

Alikuwa ananitakia mema, nalijua hilo. Na ninaandika hapa jambo ambalo sikumwambia mtu: nilikaribia kukubali. Nilikwisha kuiona meza ya shule imejaa vitabu vyangu vipya. Sentensi moja ni nini?

Zubeda ndiye aliyeshuka kwenye kiti. Aliziona picha zake ziko mezani na mzee anazitazama, basi akadhani anaombwa kusimulia. Akasimulia. Akawa mbuzi anayenyata, akawa miiba, akawa yeye mwenyewe anayetafuta. Vijana wa mashine wakasimama mlangoni wakicheka kwa raha. Alipofika mahameni kicheko kiliisha, maana uso wake ulibadilika. Akafagia sakafu ya ofisi ya watu, taratibu, kuanzia pembeni, mpaka kwenye viatu vya mzee. Mzee akainua miguu kumpisha.

"Kwa nini anafagia nyumba isiyo na paa?" akaniuliza.

"Ndilo swali ninalotaka mtoto amuulize mama yake," nikamwambia. "Ukiandika jibu, hatauliza."

Alishusha miguu, akaivuta ile picha karibu. Nilisikia mashine ya chumba cha pili ikipiga karatasi.

"Mimi ni mtu wa maneno, Mwalimu," akasema mwishoni. "Lakini hapa, neno nitakaloweka ama litakuwa la uongo, ama litaniletea balaa." Akachukua kifutio, akakifuta alichoandika, akapuliza vumbi lake. "Hapa nitaacha hivi. Kwenye kurasa nyingine nitapiga mistari mitupu chini, wanakisomo waandike maneno yao wenyewe. Hapo wakubwa wataridhika, na mimi nitalala."

Sikuipenda mistari. Hata sasa siipendi sana; picha zangu zitaonekana kama karatasi za mtihani. Lakini nilimwangalia mzee yule akizirudisha picha kwenye bahasha mojamoja, ile ya kufagia kaifunika kwa karatasi laini isichafuke, nikaona amekwenda hadi pale anapoweza kwenda. Tukapeana mikono. Zubeda naye akampa mkono, kama mwenzake wa kazi.

Tumerudi jua limeinama. Rehema alitupokea kwa maswali, na baba yake akatoka kunawa vumbi la shamba.

"Wamekubali?"

"Wamekubali."

Alicheka kwa sauti, akamnyanyua Zubeda juu mpaka kichwa kikagusa boriti. Nilimsimulia yote, hata vile viatu vilivyoinuliwa. Aliposikia mtoto alivyosimulia hadithi mbele ya wanaume wazima bila woga, akamshusha, akanitazama.

"Mama Rehema, sasa huyu shule anaanza lini? Wenzake wa rika lake wanaandikishwa wiki ijayo."

Nilisema nitaona. Nilisema nakwenda kukoleza moto.

Lakini nilipofika jikoni sikugusa kuni. Mwalimu wa darasa la kwanza la kijiji hiki ni nani? Ni mimi. Mwaka jana nilijiambia bado mdogo. Mwaka huu nilikuwa nimekwisha kujiambia atachekwa, atachoka, nyumbani ni salama zaidi. Nimefundisha watoto wa kila nyumba hapa, hata wa wafugaji wanaokuja na kuondoka na ng'ombe wao. Wangu nimemchorea kitabu, na asubuhi nikitoka kwenda kazini namwacha uani.

Leo nilimtaka Mzee Shekigenda awe na ujasiri. Wangu uko wapi?

Jumatatu nitamshika mkono twende wote. Mwalimu mkuu ataniuliza atajifunzaje bila kusikia. Sijui, na nitamjibu hivyo hivyo, kwamba sijui. Halafu nitamkalisha dawati la mbele, karibu na dirisha, mahali ambapo atauona uso wangu vizuri, na mimi nitauona wake.