Sindano ya Buba kwa Kifua cha Mjomba

Mpendwa Bi Mwanapili,

Shikamoo. Naomba msaada wako kwa unyenyekevu, maana nimefika mahali sijui njia. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na miwili, Mdigo wa huku Msambweni, najifunza udresa, ile kazi ya kufunga vidonda na kuchoma sindano, katika dispensari moja chini ya Bwana Kavumbi, mtu wa upande wa Mackinnon Road, na niruhusu nimsifu kwanza kwa sababu sijaona mwalimu kama yeye, dawa hizi mpya za kuua vijidudu alitufundisha kwa utani, akasema kila dawa ina watani wake na mtani huingia mpaka jikoni bila hodi, penisilini watani wake ni buba na kichomi na kisonono, streptomaisini mtani wake ni kifua kikuu, kloromaisetini mtani wake ni homa ya matumbo, na penye nyumba isiyo ya mtani wako utapiga hodi mpaka uchoke hufunguliwi, basi tukacheka na tukashika, hata leo ukiniamsha usingizini nitakutajia zote.

Sasa Bi Mwanapili, aliyenilea ni mjomba wangu Shutu, na wajua kwetu mjomba akisema amesema, tena mpwa wake ni mimi peke yangu na kwa desturi yetu shamba lake la minazi litakuja kwangu. Mjomba alianza kukohoa kabla ya Ramadhani, akakonda, kila jioni homa, naye mwaka juzi alijionea watu wa buba walivyochomwa sindano moja tu na vidonda vikakauka, basi baada ya Idi akaniita akaniambia, "Nichome hiyo hiyo. Iliyokausha vidonda vya nje itakausha na cha ndani." Nilijua moyoni kwamba hapa si kwa mtani, lakini ulimi ulikuwa mzito kumwambia mjomba hapana, nikachukua penisilini kabatini bila ruhusa ya Bwana Kavumbi nikamchoma siku tano, na kwa bahati yangu mbaya homa ikapungua, akala akashiba, akanisifu msikitini na sokoni kwamba mpwa wake ni daktari, nami nikazipokea sifa zile nikanyamaza. Wiki tatu zimepita, kikohozi kimerudi, juzi nimeona damu kwenye leso yake, na wajukuu bado wanalala chumbani mwake, nami nikimwambia aende hospitali hunijibu, "Niende kwa nani, na daktari ninaye nyumbani?" Nikimweleza Bwana Kavumbi nitafukuzwa na mtihani ni mwezi ujao, nikinyamaza mjomba atakufa, na akifa shamba ni langu na wanawe watasema nilimchoma makusudi ili nimrithi. Nifanye nini?

Mpwa Mwenye Hofu,
Msambweni, Juni 1956


Marahaba, mwanangu.

Jibu hili nimekutumia kwanza kwa posta, kwa anwani uliyoandika nyuma ya bahasha, kwa kuwa gazeti huchelewa na damu haingoji; gazetini majina yenu nitayabadili. Barua yako niliisoma mara ya kwanza kwa hasira. Mara ya pili nilimsomea daktari mmoja ninayemwamini, bila kukutaja. Pale penye watani alicheka kwa furaha, akasema yeye alisoma miaka mingi na hakuna aliyemfundisha jambo lile vizuri namna ile. Mfikishie Bwana Kavumbi salamu hizo, maana mwalimu wa aina hiyo ni hazina, na wewe uliyelishika somo lake nawe nakuheshimu.

Kisha daktari akaacha kucheka. Alisema dalili hizo ni za kifua kikuu mpaka makohozi yapimwe yaseme vingine. Kijidudu chake kimejivika nta, na penisilini haikiwezi. Homa ilipungua pengine kwa sababu palikuwa na kichomi juu ya maradhi yale, kikaondoka hicho. Kifua kikuu chenyewe kimo bado.

Haya, sasa nikuseme. Usinitajie ulimi mzito. Ulijua! Asiyejua akikosea tunamfundisha, lakini wewe somo ulikuwa nalo kichwani ukaliweka chini ya mkeka kwa kumwonea haya mjomba. Halafu ukala sifa zisizo zako. Heshima gani hiyo ya kumwacha mzee akohoe damu ili usimvunje moyo?

Ukipata barua hii, asubuhi yake nenda kwa Bwana Kavumbi kabla hajafungua mlango kwa wagonjwa. Mwambie dawa uliyochukua, sindano ngapi, siku zipi. Usipunguze hata moja, kwa sababu watakaomtibu mjomba watataka kujua. Huenda akakufukuza. Mimi sidhani, lakini akikufukuza utakuwa umefukuzwa na mjomba wako yu hai.

Na mjomba usibishane naye, hutamweza. Mtafute mama yako. Mjomba Mdigo humwamuru mpwa, ila nani asiyejua kwamba dada mtu akivaa buibui akasimama mlangoni akasema "Shutu, inuka twende," Shutu huinuka? Wajukuu wahame chumba leo hii, nao wakapimwe. Mzee awe na kikombe chake, alale penye dirisha wazi, akohoe ndani ya kitambaa kinachochemshwa. Na akianza streptomaisini na vidonge vyake, dawa ni ya miezi mingi. Atapata nafuu mapema, atataka kuacha, atasema amepona. Hapo ndipo umwambie hapana, kwa mdomo wako mwenyewe, na umwambie mbele ya wanawe.

Wao waache waseme. Wakikuona kila wiki unampeleka baba yao kuchomwa sindano iliyo ya haki, watachoka. Minazi ile na ikae miaka ishirini mingine ikiangushwa madafu kwa amri yake, nawe uwe unaomba dafu kama wengine. Nikisikia hivyo, nami nitakuita daktari.

Bi Mwanapili