Mistari Myeusi ya Kiondo Chako

Mpendwa Cucu,

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha uliyoiita ya ofisini, kwa sababu nataka hata wasiokujua wasikie ninachokuambia. Mimi ndiye mjukuu wako mwenye mdomo, yule uliyesema angebishana hata na mvua. Leo sibishani. Nimekuja kufuta neno moja nililokutamkia nikiwa na miaka kumi na miwili, nawe ukalibeba hadi kaburini bila kunirudishia.

Unakumbuka jiko letu la Kanja? Mafiga matatu, mlango mmoja, na kitanda changu hatua mbili kutoka motoni. Kifua changu kilipoanza kulia filimbi, ulisema baridi ya mlima imeniingia. Ukanisugua mafuta ya mbuzi, ukasogeza kitanda karibu zaidi, ukaongeza kuni. Nani angekulaumu? Kwetu mtoto anayependwa hulala penye joto. Nilivyozidi kukohoa, ndivyo ulivyozidi kuuchochea moto.

Zahanati tulikwenda mara nyingi. Kila mara tuliulizwa hali hiyo hunijia lini, na kila mara tulijibu, "Mara kwa mara," tukarudi na dawa ya kikohozi. Jibu hilo lilikuudhi. Hukujua kushika kalamu, lakini ulijua kusuka. Ukaanza kiondo kipya, kikapu cha nyuzi: kila Jumapili baada ya kanisa, mzunguko mmoja. Juma nililopumua vyema ulitia uzi mweupe. Juma nililohangaika, mweusi. Nilikuuliza mbona kiondo hicho hakina mpango.

"Mpango ni wako," ulinijibu. "Mimi nasuka tu."

Septemba ulikiweka juu ya meza ya daktari, nyuzi zake zikiwa bado zinaning'inia.

"Mama, unaniuzia?" aliuliza akicheka.

"Hicho ni kifua cha mtoto. Soma."

Akaacha kucheka. Ulimwongoza kwa kidole. Weusi ulisongamana majuma ya mvua, mlango ulipofungwa na kuni zikawa mbichi. Ukarudi tulipopura maharagwe, vumbi la makapi lilipojaa uani. Kisha likizo ya Agosti, nilipokaa Kiambere kwa shangazi anayepikia nje: weupe mtupu. Daktari akanipa kipimo nikipulize kwa nguvu zangu zote, akanivutisha dawa ya inhela, kile kikopo cha kupulizia kinywani, tukangoja kidogo, nikapuliza tena. Kishale kilipanda.

"Ni pumu," alisema. Njia zangu za hewa, alieleza, huvimba na kubana zinapochokozwa na moshi, vumbi, hata mafua. "Huyu analala wapi?"

"Kando ya moto. Ningemlaza wapi?"

Njiani kurudi nikalitamka neno lile: "Kumbe ni wewe uliyenitia ugonjwa." Ulikuwa mbele yangu, kiondo mgongoni. Ulikaza mwendo.

Kesho yake ulihamishia kitanda changu kwenye nyumba ya mabati, na mafiga ukayapeleka kwenye kibanda kisicho na kuta. Mvua ilipokuja, jirani alikukuta umejifunika gunia, ukipuliza kuni zilizolowa.

"Mama Njeru, umemfukuza mjukuu motoni kama mbwa mwizi?"

"Nimefukuza moshi," ulisema. "Mjukuu yuko ndani, anapumua."

Nimesoma sasa, Cucu. Nimejua kwamba kinachoichokoza pumu si lazima kiwe ndicho kilichoizaa. Nimejua kwamba wepesi huu wa kifua kubana mara nyingi hurithiwa, na shangazi ameniambia kwamba baba naye alilia filimbi utotoni. Nilikuhukumu kabla ya kusikiliza ushahidi, ilhali ushahidi wote ulikuwa umeusuka wewe. Ni nani basi aliyeugundua ugonjwa wangu? Ni mwenye kipimo, au ni mwanamke aliyekataa kuridhika na "mara kwa mara"? Najibu bila kigugumizi: ni wewe. Na wale wanaowaficha watoto wao inhela, eti itawageuza watumwa wake, nawaambia waje wanitazame.

Muhula uliopita chuoni maji yalikatika mabwenini, wenzangu wakaviringisha matairi hadi langoni wayachome kwa kugoma. Nikasimama juu ya jiwe nikasema hakuna tairi litakalowaka.

"Komredi, tangu lini mapambano yakakosa moshi?" mmoja akanidhihaki.

Nikainua inhela yangu juu, wote waione. "Tangu nilipoanza kuhutubia. Mkiitaka sauti yangu, rudisheni kiberiti mfukoni."

Walicheka, wakakirudisha. Nilihutubia mpaka msimamizi wa mabweni akatoka kutusikiliza, na kila pumzi niliyoivuta pale nilikushukuru kwayo.

Juma tulilokuzika nilikikuta kile kiondo chini ya kitanda chako. Nilidhani uliacha kukisuka siku ile ya zahanati. Kumbe uliendelea, Jumapili baada ya Jumapili, nawe hukuwahi kunionyesha. Baada ya mafiga kuhamia nje kuna mizunguko miwili tu myeusi. Iliyobaki ni myeupe hadi ukingoni. Ndilo jibu lako kwa neno langu, na umenishinda kwa hoja.

Neno lile nimelifuta, Cucu. Inhela yangu inakaa ndani ya kiondo hicho, nami nitakibeba popote nitakaposimama kusema. Asante kwa moto, na asante zaidi kwa kuuhamisha. Lala salama Kanja.

Mjukuu wako, anayepumua.