Chai ya Kupunguza Tumbo

Dada yangu,

Salamu zako zimefika, pamoja na ile chai ya kupunguza tumbo baada ya kujifungua. Huku hatujambo. Cherehani mpya ya shemeji yako haisumbui, na wateja wanaongezeka. Ndio hao wanaokodoa macho kila Jumamosi mume wangu akinizungushia futi kiunoni pale dukani, kama anapima gunia. "Kitambaa hakitoshi, mama!" anasema, nao wanacheka. Siku hizi hata akinigusa bega naona kinyaa.

Chai nimeinywa. Inanuka kama soksi zilizolowa, na ukiinywa unahamia chooni. Kiuno kikapungua kweli. Shemeji yako kwa furaha akanishonea gauni la kubana.

Jana nilimpeleka mtoto kliniki. Nesi alimweka kwenye mizani, akamtoa, akamrudisha tena. Kisha akaniuliza taratibu, "Mama, wewe unakula nini?"

Maziwa yamekauka, dada. Mwanangu amepungua kunishinda.

Pakiti zilizobaki nakurudishia, uzinywe mwenyewe. Gauni nimelichana, nikapata nepi. Na Jumamosi mume wangu akichukua futi yake, nitampa mtoto ampime, mbele ya wateja walewale.

Mimi mdogo wako,
mwenye tumbo lake.