Meza ya Mparachichi

Shuleni, Nyamira
8 Juni 2025

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama na kifua kimetulia, maana baridi imezidi. Mimi ni mzima, isipokuwa mafua kidogo.

Barua yako nililetewa na mamake Lorna siku ya wazazi. Unasema unatengeneza meza ya sebuleni kwa ule mparachichi ulioangushwa na mvua, na kingo utaziacha na magome yake. Halafu unauliza vitambaa alivyofuma Mama viko wapi.

Baba, naomba kuuliza bila kukukosea heshima. Mama alirudi kwao Nyacheki mwezi wa nne kwa sababu Babu, babake, alipotutembelea aliwekewa chai sakafuni, meza yetu ikiwa kwa Baba mdogo Ogeto tangu Krismasi. Mama alikuwa amekuomba uirudishe, ukawa unasema kesho. Sasa hayupo, ndipo unatengeneza nyingine. Ni ya nani?

Mwanao,
Onyiego

Kiogoro
15 Juni 2025

Mwanangu Onyiego,

Huku hatujambo. Ng'ombe pia hajambo, ila maziwa yamepungua. Kifua ni mbuya mono, kizuri sana, tangu nianze kunywa tangawizi. Mafua yako yameisha?

Meza ni meza. Mtu akikaa anaweka kikombe. Ubao wa juu tumeupiga randa Jumapili, miguu tutaiweka baadaye. Vitambaa nimevipata sandukuni. Wewe soma, kemia haitakungoja.

Baba yako

Shuleni, Nyamira
22 Juni 2025

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Mafua yameisha, nashukuru. Ng'ombe apewe majani ya ndizi kidogo, pengine maziwa yatarudi.

Umeandika "tumeupiga" na "tutaiweka." Wewe na nani? Nisingeuliza, lakini Lorna aliumwa jino akapelekwa nyumbani. Alipopita kwetu alimwona Persis, yule mjane anayekaa nyuma ya kanisa, ameketi uani kwenye kigoda cha Mama, anacheka. Lorna hatii mambo chumvi. Yeye ni katibu wa chama cha Biblia.

Mama akisikia kuna mwanamke aliyezoea kuja pale nyumbani, hatarudi, na Nyacheki habari hufika upesi. Mimi likizo nitakuwa naigawa kati ya nyumba mbili. Tafadhali nijibu wazi.

Mwanao,
Onyiego

Kiogoro
29 Juni 2025

Mwanangu,

Sisi ni wazima, natumaini nawe pia. Persis anakuja na randa, anaondoka na randa. Ubao una fundo gumu hapo katikati, kwa hiyo kazi inakwenda polepole. Siku hizi umeajiriwa polisi? Mambo ya wakubwa yaache kwa wakubwa.

Baba yako

Shuleni, Nyamira
6 Julai 2025

Kwa Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili.

Jibu lako nimelifikiria hata wakati wa hesabu. Mtu huazima randa, Baba, haazimi mwenye randa. Kama hakuna jambo, mbona husemi hivyo?

Nimemwandikia Mama. Nimemweleza kuhusu meza, vitambaa na Persis. Sikuongeza neno. Naona ni vizuri ulijue hilo kutoka kwangu.

Mwanao,
Onyiego

Kiogoro
27 Julai 2025

Mwanangu Onyiego,

Hujambo? Najua umengoja. Huku tu wazima.

Mama yako alifika Jumapili ile ya tarehe kumi na tatu, mwavuli mkononi. Hakunisalimu. Alisema, "Nimekuja kuiona hii meza inayotengenezwa na watu wawili."

Persis hata hakuinuka kigodani. Akamwambia, "Mama Onyiego, mimi nalinda randa. Marehemu mume wangu Nyamongo aliniachia hiyo tu. Niliiazimisha mara moja ikarudi na kisu kimevunjika. Sasa inapokwenda, naenda. Huyu bwana ni wako, mlinde mwenyewe. Na kupiga randa hajui, ndiyo maana nacheka."

Mama yako akanigeukia. "Mbona hukumwambia mtoto hivyo?"

Nikasema baba haulizwi na mtoto.

"Basi nauliza mimi."

Nikamweleza. Nilikuwa nimetuma watu Nyacheki, na babu yako na wajomba walikubali kuja Jumapili iliyofuata tuzungumze arudi. Meza ilikuwa ya siku hiyo. Nilikuwa nimesema kesho mara nyingi mno, nikaona safari hii nisiseme kitu mpaka iwe imesimama.

Alichukua msasa akaanza upande wangu, akisema nimeuharibu. Jioni sikumsikia akitaja kurudi Nyacheki, nami sikumkumbusha.

Kwa hiyo wazee walipofika, aliyewafungulia mlango ni yeye. Babu yako alisimama pale kizingitini na fimbo yake. "Sasa tumekuja kuzungumza habari za nani?"

"Karibu, Baba. Chai inapoa."

Alikasirika. Alisema binti hajirudishi mwenyewe kama kuku, wakwe lazima waketi na kupima maneno. Mjomba wako Osoro akamwambia, "Tumekwisha keti, Baba. Tupime nini tena?" Walikunywa birika mbili. Meza inayumba kidogo upande wa dirisha, lakini hakuna aliyelitaja hilo.

Mama yako anaisoma barua hii begani kwangu. Anataka nifute pale niliposema hakunisalimu. Anasema alinisalimu.

Hakunisalimu.

Baba yako